Priamplifaya ipi iende na amplifaya ipi

Wengi tunachagua amplifaya (chombo kinachozipa spika nguvu) kwa wati na priamplifaya (chombo kinachoitangulia, cha kuchagua chanzo na kurekebisha sauti) kwa sura. Namba zinazoamua kama vitaelewana ziko kurasa za mwisho za kijitabu: ukinzani wa kutolea wa priamplifaya na ukinzani wa kupokelea wa amplifaya. Huu wa pili uwe angalau mara 10 ya ule wa kwanza.

Nafasi ya kwanza naipa priamplifaya ya transista, hata kabla sijajua una amplifaya gani. Nyingi hutoa kwa omu 50 hadi 200, na amplifaya za kawaida hupokea kwa omu 10,000 hadi 47,000, kwa hiyo hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye ukuzaji. Amplifaya ya wati 100 kwa spika za omu 8 inatoa kama volti 28 ikifika mwisho. Ikiwa inakuza kwa desibeli 26, yaani mara 20, inatosheka na volti 1.4. Pleya ya CD kwa kawaida ina volti 2 tayari! Ukiweka katikati priamplifaya inayozidisha tena mara 10, utazungusha kitufe upana wa ukucha tu na madirisha yanatetemeka. Ukisogeza sikio kwenye twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) muziki ukiwa umezimwa, unasikia “ssss”. Nilikaa na hali hiyo miezi kadhaa nikizilaumu spika. Tafuta yenye swichi ya kupunguza ukuzaji.

Ya pili, kwa asiye na haraka: amplifaya kamili, yaani yenye priamplifaya na amplifaya ya nguvu ndani ya kasha moja, iliyo na tundu zilizoandikwa PRE OUT, zinazotoa sauti ya priamplifaya yake. Itumie ilivyo, amplifaya ya nguvu utaiongeza baadaye.

Ya tatu ni ya valvu, mirija ya kioo inayofanya kazi ya transista. Kwa masikio yangu ndiyo tamu kuliko zote, na bado naiweka hapa, kwa sababu ndiyo inayokosewa zaidi. Nyingi zina kapasita kwenye njia ya kutokea, kijenzi kinachopitisha sauti nyembamba kwa urahisi kuliko besi. Kapasita ya mikrofaradi 0.47 ikikutana na amplifaya ya omu 10,000, besi inaanza kuporomoka karibu na hezi 34. Ikikutana na ya omu 100,000, mporomoko unashuka hadi hezi 3.4, usikosikika. Chombo ni kilekile, ila kwa mmoja gitaa la besi limekonda, kwa mwingine limejaa.

Ya mwisho ni pasivu, ambayo haikuzi kitu, inapunguza tu. Inafaa kama chanzo kina volti 2, amplifaya ni nyepesi kuamka (inatosheka na volti chache), na waya hauzidi mita moja hivi. Nje ya hapo muziki unapoa.

Waya za XLR (za plagi ya pini tatu) zina maana pale vyombo vyote viwili vimejengwa tangu ndani kwa mfumo wa mawimbi mawili yanayopingana (balanced), hasa umbali ukiwa mrefu. Vinginevyo RCA, ile plagi ya kawaida ya pini moja, inatosha.

Siku ya kuunganisha, washa priamplifaya kwanza na amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya.