Mrisho Mpoto kwenye kampeni ya choo: nyota nne na nusu

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa hiyo Mpoto, msanii wa ushairi wa kughani tunayemwita Mjomba, namtathmini kwa kazi. Alipokuwa balozi wa kampeni ya Wizara ya Afya ya Tanzania, "Usichukulie poa, nyumba ni choo", alinirahisishia sana. Neno choo huwa linawafanya wazee wainamishe macho. Yeye analitamka peku, kavaa kiasili, ngoma nyuma yake, kwa sauti ileile ya kughani mambo mazito ya nchi, na aibu inaondoka.

Kijijini kwetu watoto waliishika kaulimbiu hiyo kama wimbo. Nikibisha hodi wananipokea kwa "usichukulie poa!", mama mwenye nyumba anacheka, kisha ananipeleka mwenyewe nyuma nikaone shimo, mfuniko na kibuyu chirizi cha kunawia mikono kama kina maji na sabuni. Kipeperushi hakijawahi kunifikisha huko.

Nusu nyota naikata kwa waandaaji wa onyesho nililohudhuria. Spika zilikoroma, wa nyuma tukaambulia ngoma tu. Ushairi wa kughani ni maneno jamani, leteni vyombo vya maana!