Ruta yenye tundu la USB: hodari wa intaneti, mlegevu wa faili

Kwa miezi minane sasa ninatumia ruta ya bendi mbili, yenye matundu manne ya kebo na moja la USB mgongoni, kwa kazi mbili: kugawa intaneti nyumbani, na kuziwezesha kompyuta zetu kutumia faili za diski moja. Kazi ya kwanza inaifanya vizuri. Ya pili inaifanya kwa namna ambayo mnunuzi anapaswa kuielewa kabla hajachomeka diski yenye nyaraka zake.

Kuiunganisha kulinichukua robo saa. Nilipofungua ukurasa wa mipangilio kwa kuandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, ulikataa kuendelea mpaka nibadilishe nywila ya msimamizi iliyotoka nayo kiwandani, na hilo nalipongeza. Inao ulinzi wa Wi-Fi wa WPA3, uliotangazwa mwaka 2018, ila kwa kuwa printa yangu ni ya zamani, nimeiacha ikubali pia WPA2, ulinzi uliotangulia huo. Mtandao wa wageni nao unafanya kazi ipasavyo: anayetutembelea anapata intaneti bila kuiona kompyuta yoyote ya nyumbani.

Ninachoilaumu ni kwamba inauzwa WPS, njia ya kuunganisha kifaa na Wi-Fi kwa namba ya siri fupi badala ya nywila, ikiwa imewashwa. Udhaifu wake ulifichuliwa mwaka 2011: namba ya siri ina tarakimu nane, lakini ruta huihakiki kwa mafungu mawili, kwa hiyo anayebahatisha anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000, kazi ndogo kabisa kwa kompyuta. Niliizima siku hiyo hiyo.

Tatizo kubwa ni diski. Nilipoichomeka, ruta iliifungua yote kwa kila kifaa kilichokuwa kwenye mtandao wetu mkuu, bila kuuliza nywila wala kunionya. Niligundua hayo binti yangu aliponiletea tableti yake akiuliza folda iitwayo Mikataba ni ya nani. Isitoshe, faili hizo zilikuwa zikisambazwa kwa toleo la kwanza la SMB, utaratibu ambao kompyuta hutumia kushirikiana faili kwenye mtandao, lile lile ambalo kirusi cha WannaCry kilipitia udhaifu wake mwezi Mei 2017, na ambalo Windows iliacha kuliweka yenyewe kwenye kompyuta mpya tangu mwishoni mwa mwaka huo. Ndiyo maana kompyuta yangu mpya haikuiona diski kabisa. Kijitabu cha maelekezo kinashauri uliwashe toleo hilo kwenye Windows, ushauri ambao kwa maoni yangu ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umekwama. Dawa imo ndani ya ruta yenyewe: toleo la pili lipo, ingawa limefichwa katika ukurasa wa mipangilio ya ziada ambao kijitabu hakiutaji.

Kasi pia si ya kujivunia. Tundu ni la USB 2.0, na faili ya gigabaiti mbili ilichukua zaidi ya dakika mbili kunakiliwa, hata kwa kebo.

Nimeibakiza diski humo ikiwa na filamu na nakala za picha tu, kwa akaunti mbili zenye nywila: yangu inaruhusiwa kuandika, ya watoto inasoma tu. Folda ya Mikataba nimeihamishia kwenye kompyuta yangu.