The Knowledge Illusion: Kitabu kinachompima msomaji kabla ya kumfundisha

Steven Sloman, mwanasaikolojia wa utambuzi wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, amefanya kazi kwa miongo kadhaa akichunguza namna binadamu anavyofikiri, hasa anavyounganisha sababu na matokeo. Mwaka 2017 alishirikiana na Philip Fernbach, aliyesomea uzamivu wake Brown na sasa ni mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Colorado, kuandika The Knowledge Illusion: Why We Never Think Alone kwa ajili ya msomaji wa kawaida. Hoja yao ni kwamba kila mmoja wetu anajua kidogo kuliko anavyodhani, na kwamba hatulioni pengo hilo kwa sababu maarifa ya wenzetu tunayahesabu kama yetu. Nimekisoma kitabu hiki kwa makini, na naona kwamba thamani yake kubwa iko kwenye sura za mwanzo, ambako msomaji hapewi nafasi ya kukaa pembeni.

Msingi wake ni jaribio la Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale, lililochapishwa mwaka 2002. Washiriki waliulizwa wanaelewa kwa kiasi gani vitu kama zipu, kufuli na choo cha kuvuta maji vinavyofanya kazi, wakajipa alama kati ya 1 na 7. Kisha wakatakiwa kueleza hatua kwa hatua jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, na baada ya hapo wajipe alama upya. Alama zilishuka. Ninamshauri msomaji aweke kitabu chini hapo na ajaribu zipu mwenyewe. Atasema kwamba meno ya upande mmoja yanaingiliana na ya upande wa pili, na hilo ni kweli. Lakini ni nini kinachoyafanya yaingiliane unapovuta juu na kuachana unapovuta chini, ilhali ukiyabana kwa vidole hayashikani sawasawa? Jibu limo ndani ya kile kitelezi: kuta zake mbili hukaribiana na kuyasukuma meno yakutane kwa mwinamo unaofaa, na kabari iliyo katikati huyatenganisha kinaporudi. Mtu anayevaa zipu kila siku anaweza kumaliza maisha yake bila kuwahi kuifikiria kabari hiyo, na bado akajipa alama 5 bila kusita.

Jaribio lililonigusa zaidi, hata hivyo, ni la Sloman na Nathaniel Rabb, la mwaka 2016. Waliwaeleza watu kuhusu mambo ya kubuni, mathalani mwamba unaong’aa. Baadhi ya washiriki waliambiwa kwamba wanasayansi wameshaueleza mwamba huo kikamilifu, wengine wakaambiwa kwamba bado haujaelezwa. Wale wa kundi la kwanza walijipa alama za juu zaidi za uelewa wao wenyewe, ingawa hawakuwa wamepewa maelezo yoyote. Walipoambiwa kwamba maelezo yapo lakini ni siri, ongezeko hilo likatoweka. Sijui kama kuna njia bora ya kuonyesha kwamba hisia ya kuelewa haipimi kilichomo kichwani peke yake, bali hupima pia kile tunachoamini kwamba kinapatikana kwa wenzetu tukikihitaji.

Sura inayohusu fikra za sababu na matokeo ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa kitabu, na masikitiko yangu ni kwamba haikupewa nafasi kubwa zaidi. Waandishi wanadai kwamba akili ya binadamu haikuundwa kwa ajili ya mantiki ya vitabuni, bali kwa ajili ya kutenda, na anayetenda anahitaji kujua kitu gani husababisha kitu gani. Uzito wa dai hilo unaonekana vizuri katika utafiti ambao Sloman aliufanya pamoja na David Lagnado, uliochapishwa mwaka 2005. Chukua mipira mitatu ya biliadi: wa kwanza unaugonga wa pili, wa pili unaugonga wa tatu. Tuseme wa pili umezuiwa usisogee. Je, wa kwanza ungesogea? Karibu kila mtu atajibu kwamba ungesogea, na kwamba wa tatu ndio usingesogea. Lakini ukilieleza jambo hilohilo kwa sentensi tupu ya masharti, kwamba wa kwanza ukisogea basi wa pili husogea, kanuni ya mantiki inasema kwamba wa pili usiposogea, basi wa kwanza nao haukusogea. Watu hawaifuati kanuni hiyo hapa, na wana haki. Kuona kwamba mpira haukusogea ni habari kuhusu kilichotangulia. Kuushika usisogee ni kuingilia kati, na anayeingilia kati hukata uhusiano wa mpira huo na kilichoutangulia, bila kukigusa hicho kilichotangulia.

Fikra hizo hizo zina upungufu wake. Mwaka 2010 Fernbach, Adam Darlow na Sloman walionyesha kwamba tunapokadiria matokeo kutokana na sababu tunayoijua, tunasahau sababu nyingine zinazoweza kuleta matokeo yaleyale. Wataalamu wa afya ya akili walikadiria uwezekano wa mgonjwa mwenye sonona kuwa mchovu, na makadirio yao hayakubadilika sana hata walipoelezwa kwamba hana sababu nyingine yoyote ya uchovu, ilhali kuondolewa kwa sababu hizo kulipaswa kuupunguza uwezekano. Walipofikiri kinyumenyume, kutoka dalili kwenda kwenye chanzo, sababu mbadala walizikumbuka. Kwa yeyote ambaye kazi yake ni kutabiri, hili ni jambo la kulizingatia sana.

Mfano wa kufungulia kitabu umechaguliwa vyema. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni, katika jaribio lililoitwa Castle Bravo, kwenye visiwa vya Bikini katika Bahari ya Pasifiki, likitarajiwa kuwa na nguvu ya takribani megatani 6. Likafikia 15, kwa kuwa lithiamu-7, aina ya lithiamu iliyokuwa ndani ya bomu na iliyodhaniwa kwamba haitachangia mlipuko, ilichangia. Wavuvi wa Kijapani waliokuwa mbali baharini wakaangukiwa na majivu yenye mionzi. Waliokosea hapo walikuwa mabingwa wa fani yao.

Kuhusu siasa, waandishi wanategemea utafiti wa mwaka 2013 uliowataka watu waeleze jinsi sera fulani, kama vikwazo dhidi ya Iran, ingefanya kazi hatua kwa hatua. Waliofanya hivyo walipunguza alama za uelewa wao na misimamo yao ikalegea. Walioombwa kutoa sababu za kuiunga mkono au kuipinga sera hawakubadilika. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini ningependa yangewasilishwa kwa tahadhari zaidi, kwa sababu kulegea kwa msimamo mbele ya mtafiti si sawa na kulegea mbele ya jirani anayekupinga. Waandishi wenyewe wanakiri, na hili ni la kuwapongeza, kwamba mbinu hiyo haifui dafu pale msimamo unapotokana na maadili matakatifu kwa mtu badala ya matokeo ya sera.

Sura za mwisho, zinazotoa ushauri kuhusu elimu na maamuzi, zinapwaya. Ushauri wenyewe si mbaya, ila umetolewa kwa haraka, na msomaji aliyezoea kuonyeshwa ushahidi anajikuta akipewa mapendekezo. Lugha, kwa upande mwingine, ni nyepesi kutoka mwanzo hadi mwisho, na asiye mwanasaikolojia hatapotea popote.

Ninakipendekeza kwa walimu, waandishi wa habari na watunga sera kabla ya wengine wote. Anayevutiwa zaidi na mipira ya biliadi kuliko zipu atafute Causal Models, ambacho Sloman alikichapisha na Oxford University Press mwaka 2005; ni kigumu zaidi na kinahitaji subira, lakini hapo ndipo hoja ya kuingilia kati inapofafanuliwa kikamilifu.