Uzoefu wangu: kusoma habari za Suriname kupitia Starnieuws

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Rotterdam, na Starnieuws, tovuti ya habari ya Suriname, koloni la zamani la Uholanzi kule Amerika Kusini, niliifungua mara ya kwanza kwa ajili ya lugha tu. Nilikuwa najiandaa na mtihani wa Kidachi, na magazeti ya hapa Uholanzi yalikuwa yamenishinda. Mama mmoja wa Paramaribo, mji mkuu wa Suriname, tunayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee akaniambia nisome habari za kwao: Kidachi ni kilekile, taarifa ni fupi, na hakuna kulipia. Hiyo ilikuwa Desemba 2024.

Krismasi hiyohiyo ikatangazwa kwamba Desi Bouterse amefia mafichoni. Sikuwa namjua. Nikasoma taarifa za siku ile, kisha za nyuma yake, moja baada ya nyingine, hadi usiku wa manane. Ndiye sajini aliyepindua serikali Februari 1980, akaja kuchaguliwa rais mwaka 2010, akahukumiwa miaka 20 kwa mauaji ya Desemba 8, 1982. Rufaa yake ilipogonga mwamba Desemba 2023, hakuripoti gerezani, alitoweka. Serikali ya Chan Santokhi, rais wa wakati huo, haikumpa mazishi ya kitaifa.

Kesho yake kazini nikamuuliza yule mama. Akaweka kikombe chini, akanieleza taratibu. Watu 15 waliuawa pale kwenye ngome ya Fort Zeelandia, na kati yao walikuwamo waandishi wa habari, pamoja na André Kamperveen wa Redio ABC, ambaye uwanja wa mpira wa taifa una jina lake hadi leo. Kituo chake kilichomwa moto. Mama anakumbuka baba yake akizungusha kitufe cha redio asubuhi ile, na pale ABC ilipozoeleka kusikika pana kimya. Gazeti lililoachwa litoke baada ya hapo lilikuwa de Ware Tijd, chini ya macho ya wanajeshi. Tangu mazungumzo yale siisomi tena Starnieuws kwa ajili ya msamiati.

Iliponifaa zaidi ni uchaguzi wa Mei 25, 2025. Paramaribo ikiwa saa moja asubuhi, huku kwetu wakati wa kiangazi ni saa sita mchana, kwa hiyo nikikaa kula nakuta taarifa mbichi. Bunge lina viti 51, na rais huchaguliwa na wabunge kwa theluthi mbili, yaani kura 34. NDP, chama cha Bouterse, kilipata viti 18. VHP cha Santokhi 17. Vyama vidogo vitano vikajiunga na NDP, hesabu ikatimia 34 kamili, bila hata kura moja ya ziada. Mimi na yule mama tulikuwa tukijumlisha kwenye karatasi ya kufutia mikono. Julai 6 Jennifer Geerlings-Simons wa NDP, daktari aliyewahi kuwa spika miaka kumi, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa rais. Mama alifurahi, kisha akanyamaza, kwa sababu chama ni kilekile.

Ugumu upo. Nchi ina watu laki sita na ushee, na waandishi wake wanamwandikia mtu anayemjua kila mtu: jina la ukoo linatosha. Mgeni inabidi awe na daftari, langu limejaa. Pia usisome chanzo kimoja. Kuna tovuti nyingine ya hukohuko, sitaitaja, ambako nilimeza tamko la chama nikidhani ni habari, nikalisimulia kazini kwa kujiamini, nikasahihishwa. Siku hizi habari nzito naisoma pia kwenye de Ware Tijd. Na nikisoma naheshimu, maana kazi hiyo ina maumivu: Desemba 2021 mwandishi wa gazeti hilo alipigwa nje ya Bunge na walinzi wa makamu wa rais wa wakati huo, Ronnie Brunswijk.

Ninachofuatilia sasa ni mafuta. Mradi wa GranMorgu, baharini, unatarajiwa kuanza kutoa mafuta mwaka 2028, na nataka kuona nani anauliza maswali kuhusu mikataba kabla pesa hazijafika.

Kwa Mswahili aliyeko Uholanzi au Ubelgiji, ukishafika kiwango cha B1 cha Kidachi, yaani cha kati, unaisoma bila shida. Anza na taarifa za Bunge, ndizo zenye maelezo ya kutosha. Mimi nimeiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa simu, pembeni ya redio ya nyumbani.