Uzoefu wangu wa mionzi ya CyberKnife kwa saratani ya tezi dume: kutoka Ujiji hadi Nairobi

Nina miaka 66, nakaa Ujiji. Wenzangu wananiuliza habari hizi wakitoka msikitini, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Naona bora niandike yote.

Nilianza kuamka usiku kukojoa, mara nne hadi tano. Kituo cha kwanza nilichokwenda walinipa dawa za UTI miezi minane bila kunipima PSA, kipimo cha damu ambacho namba yake hupanda tezi dume ikiwa na shida, hata mara moja. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Nilipokuja kupima, PSA ilikuwa 14. Wakachukua kipande kidogo cha nyama ya tezi, kukakutwa saratani, Gleason 7, yaani ukali wa kati. Bahati nzuri picha zilionyesha bado imo ndani ya tezi. Hilo ndilo la kuuliza kwanza, kwa sababu ugonjwa ukishafika kwenye mifupa, mionzi ya namna hii peke yake haiwezi kuumaliza.

Daktari alinieleza upasuaji, mionzi ya kawaida na CyberKnife, yaani mionzi inayolengwa kwa roboti. Mionzi ya kawaida ni mara 20 au zaidi, kila siku ya kazi, maana yake mwezi mzima au zaidi kupanga chumba Dar es Salaam. CyberKnife ni mara 5. Kwa sisi wa Kigoma hesabu hiyo ni kubwa. Mtambo upo Kenya, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Bima yangu haikulipa kitu, tukauza kiwanja cha Mwanga. Basi hadi Mwanza, kisha Sirari, kisha Nairobi, mimi na kijana wangu.

Jina CyberKnife lina neno la Kiingereza la kisu lakini hukatwi popote. Kwanza wanakuchoma sindano na kupandikiza punje za dhahabu ndani ya tezi, ndogo kama mchele. Hapo ndipo nilipoumia. Unasubiri kama wiki moja zitulie, unapigwa picha za CT na MRI, wataalamu wanapanga mionzi ipite wapi.

Siku yenyewe unalala chali, umevaa gauni tu. Juu yako kuna mkono wa roboti kama ile ya viwanda vya magari, umebeba mashine ya mionzi. Unasogea, unasimama, unanguruma kidogo, unahamia upande mwingine. Huku eksirei zinapigwa tena na tena kuzitafuta zile punje. Tezi haitulii, inasukumwa na gesi na kibofu kinachojaa, na ikihama mkono nao unajirekebisha. Dakika 45 hivi. Sikusikia joto wala maumivu.

Kazi ni kibofu. Kinatakiwa kiwe na mkojo wa kiasi, na utumbo uwe mtupu. Siku ya tatu nilikuwa nimekula maharage jioni iliyotangulia, picha ikaonyesha gesi, wakanishusha. "Mzee wangu, tembea kidogo, tutakuita." Nikazunguka ukumbini nusu saa nimebana mkojo, jasho linanitoka. Maharage na kabichi viacheni mapema.

Baadaye mkojo uliniunguza wiki tatu, na usiku niliamka zaidi kuliko mwanzo. Nilipewa tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, ikasaidia. Waulizeni madaktari wenu kuhusu hili, maana utafiti wa Uingereza uitwao PACE-B, uliotolewa 2024, ulionyesha mara 5 zinazuia ugonjwa sawa na wiki nyingi za mionzi ya kawaida, karibu watu 96 kwa 100 baada ya miaka 5, ila shida za mkojo zilikuwa nyingi kidogo kwa waliopata mara 5. Mimi ningechagua tena hivyo hivyo.

PSA haishuki ghafla kama kwa aliyetolewa tezi. Mke wangu alilia kuona 5.2 baada ya miezi mitatu, akidhani tiba imeshindwa. Mwaka ulipotimia ilikuwa 1.1. Damu sasa natolewa hapa hapa Kigoma, majibu tunayatuma Nairobi kwa simu. Usiku naamka mara mbili. Mwezi ujao napima tena.