Sanduku la trilobaiti wa Utah: mawe mazuri, karatasi ya maelekezo itupe

Nyota 4 kati ya 5. Sanduku lina trilobaiti 5 (wanyama wa baharini wenye gamba la pingili, waliotoweka zamani) wa aina ya Elrathia kingii, waliokwisha kutolewa kwenye jiwe, pamoja na vibamba 4 vya mwamba wa tope vya kupasua mwenyewe. Mawe yametoka tabaka la Wheeler, milima ya House Range, magharibi mwa Utah, Marekani. Zamani za Kambriani, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, hapo palikuwa sakafu ya bahari.

Wale 5 ni visukuku vya kweli, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani. Kwa lenzi ya mara 10 sikuona vitundu vya hewa, alama ya plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu, na pingili 13 za kifua zinahesabika moja moja. Elrathia wamejaa huko kiasi kwamba kuwaghushi hakulipi. Wawili wamekosa mashavu ya pembeni. Usidai pesa zako kwa hilo: trilobaiti alijivua gamba ili akue, na mashavu hayo ndiyo yaliyoachia kumpa njia ya kutokea. Huenda ulicho nacho mkononi ni gamba alilolivua akiwa mzima.

Raha yenyewe iko kwenye kupasua. Vaa miwani ya kinga. Simamisha kibamba kwa ubavu juu ya mfuko wa mchanga, tafuta mstari wa tabaka, kisha gonga patasi bapa taratibu ukiuzunguka ukingo wote. Pigo moja la nguvu hulivunja jiwe kimshazari, na mnyama huvunjika nalo. Usitupe upande wowote kabla ya kuupitia kwa lenzi. Kibamba cha tatu kilikuwa na agnostidi, jamaa wa trilobaiti, mdogo kama punje ya mchele: hana macho, kifua kina pingili 2 tu, kichwa na mkia vinafanana. Kwa macho matupu ungemdhania kokoto.

Sasa karatasi ya maelekezo. Inasema uloweke visukuku kwenye siki. Usithubutu! Elrathia wa hapa wamehifadhiwa kwa kalsaiti, madini ya chokaa, na siki huila kalsaiti. Ukiona povu, ujue pingili zinayeyuka. Tumia mswaki mkavu na ncha ya sindano. Hata maji usiloweke, mwamba wa tope hulegea na kumomonyoka. Kisukuku kikivunjika, tone moja la gundi ya haraka latosha.

Karatasi hiyohiyo inawaita "viumbe wa enzi za dinosaria". Trilobaiti wa mwisho walitoweka miaka milioni 252 iliyopita, kabla dinosaria hawajatokea. Muuzaji aichape upya.