Kutoka Nairobi hadi Crystal River: uzoefu wangu wa kuogelea na manatii

Nianze na jibu, maana najua wengi wenu mnataka kujua kama pesa hizo zinapotea bure: hazipotei. Ziara ya kuogelea na manatii, yule mnyama mkubwa mpole wa majini anayekula nyasi, kule Crystal River, Florida, inastahili safari, mradi uende msimu wa baridi, upande boti ya kwanza ya asubuhi, na uchague kampuni ambayo mwongozaji wake anaingia majini pamoja nanyi. Hilo la mwisho ndilo lililoamua kila kitu kwetu, na nitaeleza kwa nini.

Tangu nirudi Nairobi, kila ninayemwonyesha picha ananiuliza swali lilelile: manatii anauma? Hawezi. Hana meno ya mbele ya kung'atia. Ana magego tu, ya kusagia nyasi za majini, na yakichakaa huanguka upande wa mbele huku mapya yakisogea kutoka nyuma, karibu sawa na ilivyo kwa ndovu. Undugu huo ni wa kweli: jamaa zake wa karibu walio hai nchi kavu ni ndovu na pimbi, yule pimbi tunayemwona akiota jua kwenye miamba ya hifadhi ya Hell's Gate. Baharini binamu yake ni nguva wa pwani yetu. Manatii mzima huwa na urefu wa karibu mita 3 na uzani wa nusu tani hivi, na wako wanaozidi hapo kwa mbali.

Mimi sikwenda Marekani kwa ajili ya mnyama. Dada yangu mkubwa anaishi Tampa, Mama alitaka kuwaona wajukuu, na mimi nikawa wa kumsindikiza. Habari za miadi ya viza kwenye ubalozi wa Marekani pale Gigiri na ndege ya saa 15 hivi hadi New York mnazijua au mtazijua, sitawachosha nazo. Crystal River iko kaskazini mwa Tampa, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Ni mji mdogo wa wavuvi na wastaafu uliokaa kando ya ghuba iitwayo Kings Bay, na chini ya ghuba hiyo kuna chemchemi zaidi ya 70. Maji hutoka ardhini yakiwa na nyuzi 22 za Selsiasi, iwe Januari au Julai. Ndiyo siri ya mahali penyewe. Manatii, kwa ukubwa wake wote, hana mafuta mengi mwilini. Maji ya bahari yakishuka chini ya nyuzi 20 na kukaa hivyo, anaugua na anaweza kufa. Kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Machi wanaingia Kings Bay kwa mamia kutafuta joto.

Kabla ya kusafiri nilijifua katika bwawa la kuogelea hapa Nairobi, na hili nampendekezea kila mtu. Mabwawa yetu mengi hayapashwi moto, na jiji lenyewe liko juu sana. Ukiweza kukaa nusu saa majini asubuhi ya baridi, nyuzi 22 hazitakushinda. Lakini zoezi lenye faida zaidi si la kuvumilia baridi wala la kupiga mbizi. Ni kulala kifudifudi, uso ndani ya maji, ukipumua polepole kwa mrija bila kusogeza mkono wala mguu. Mwalimu wangu wa kuogelea alishangaa kwamba nataka kulipia somo la kutofanya chochote. Kule Florida, hilo ndilo somo lote.

Tulifika ofisini saa kumi na mbili asubuhi, giza bado. Kwanza unaonyeshwa video fupi ya sheria: usimguse, usimfuate, usimlishe, usimpe maji ya kunywa, usiingie kati ya mama na mtoto, usizamie juu yake, usivuke kamba za maeneo yaliyotengwa. Manatii analindwa na sheria za nchi nzima za 1972 na 1973, na jimbo la Florida likaongeza yake mwaka 1978. Eneo la hifadhi pale Crystal River lilianzishwa 1983 kwa ajili yake hasa. Nilikuwa nimezoea maelezo ya usalama yanayosomwa haraka haraka ili mtu apate kuondoka. Mwongozaji wetu, mwanamke wa makamo mzaliwa wa mji uleule, aliisimamisha video mara kwa mara na kutupa sababu. Alisema manatii anayelala kwenye chemchemi anatunza nguvu zake. Ukimsumbua akaondoka, anaingia kwenye maji baridi, na huko ndiko anakoweza kufia. Baada ya maelezo hayo hakuna aliyeuliza tena kama anaweza kumgusa kidogo tu.

Kisha tukavaa suti za mpira. Jiandae, suti hiyo inavaliwa kwa jasho, na inakufanya uelee, kwa hiyo hata asiyejua kuogelea vizuri hazami kirahisi. Ukapewa miwani ya maji, mrija, na boya refu la sponji la kuweka chini ya kwapa. Mapezi ya miguuni hatukupewa, kwa makusudi: mapezi hupiga maji, huchafua, na huwatisha wanyama.

Boti ilikwenda taratibu sana. Ukungu ulikuwa umetanda juu ya ghuba, kwa vile hewa ilikuwa baridi kuliko maji. Nahodha alizima injini, akateremsha nanga kwa mkono, na tukashuka kwa ngazi mmoja mmoja. Wa kwanza kuingia alikuwa mwongozaji. Nilitia uso majini nikaona kijani kibichi kizito, nikadhani kuna mwamba chini yangu. Mwamba ukapanda.

Alipanda wima, bila kupiga mkia, hadi pua ikatokeza juu. Matundu mawili yakafunguka, akatoa pumzi ndefu, yakajifunga tena kama vifuniko, akashuka. Akiwa amelala hupanda hivyo baada ya kila dakika kadhaa, na anaweza kukaa chini hadi dakika 20. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliona nywele moja moja kwenye mdomo wake, ngumu na nyeupe, na kucha ndogo kwenye ncha za mapezi yake, mfano wa kucha za ndovu. Mgongoni alikuwa na mwani, na katikati ya mwani ule mistari mitano myeupe iliyokwenda sambamba. Ni rafadha ya boti. Baadaye mwongozaji alitueleza kwamba watafiti huwatambua manatii kwa makovu, kwa kuwa ni wachache wanaofika utu uzima bila kukatwa. Nimeona picha nyingi za manatii, na sikuwahi kujua kwamba alama hizo ndizo kitambulisho chake. Zinauma kuzitazama ukiwa umbali wa mkono.

Sasa kuhusu Mama. Yeye alikulia Murang'a, hajawahi kuogelea maishani, na tulikuwa tumemlipia nafasi ya kuketi botini tu, ambayo ni rahisi kidogo. Alipoona pua zinatokeza huku na huko hakutaka tena kuketi. Mwongozaji alirudi mwenyewe hadi ngazini, akamvika boya la sponji kifuani na lingine miguuni, akamshika kiganja. Mama akaniita: "Mwanangu, usiende mbali." Nikamjibu, "Nipo, Mama." Maji pale hayakuzidi kimo cha mtu. Akatia uso, akautoa, akatia tena, halafu hakuutoa.

Mbele yake kulikuwa na jike na mtoto. Mtoto ananyonya kwapani mwa mama yake, nyuma ya pezi, na tuliona hivyo kwa macho yetu: mtoto ameegemea ubavuni, jike ametulia, na vilio vyembamba vikipita kati yao majini, kama mlango mdogo usiotiwa mafuta. Mwongozaji alituonyesha kwa mkono tubaki pale pale. Hatukusogea. Mtoto aliposhiba akaja mwenyewe hadi kwenye miwani ya Mama, akamtazama, akageuka. Tulipopanda botini Mama hakuzungumza kwa muda, kisha akasema: "Ameniona." Siku nzima alirudia neno hilo kwa dada yangu, kwa wajukuu, na usiku kwa shangazi aliyepigiwa simu Nairobi.

Kilichoniudhi ni boti ya kampuni nyingine iliyofika baada ya mapambazuko. Watu wao waliachwa majini peke yao huku mwongozaji amebaki juu na kamera. Wakaanza kupiga miguu, kuitana, kumfuata kila manatii aliyesogea. Tope likatimka, na jike na mtoto wakavuka kamba kuingia eneo lililotengwa, ambako binadamu haruhusiwi. Sheria ni ileile na video ni ileile, lakini hapakuwa na mtu majini wa kuisimamia. Ndiyo maana nasema uulize kabla hujalipa. Usione haya kuuliza.

Tuliporudi botini tulipewa kakao ya moto, na hapo mwongozaji akatusimulia habari za mwaka 2021. Katika mwaka huo mmoja walikufa manatii zaidi ya 1,000 katika jimbo la Florida, wengi wao upande wa mashariki, kwenye wangwa uitwao Indian River Lagoon. Wengi hao hawakufa kwa boti. Walikufa kwa njaa. Mbolea na maji taka yalirutubisha mwani, mwani ukazuia mwanga, nyasi za majini zikakauka. Hali ilifikia serikali kuwatupia letusi msimu wa baridi uliofuata. Na hayo yalitokea miaka michache tu baada ya Marekani kumshusha daraja mwaka 2017, kutoka orodha ya walio hatarini kutoweka hadi ile ya walio katika tishio. Kings Bay nayo ilikuwa imejaa mwani mbaya, ila wenyeji wamefyonza tope na kupanda nyasi upya. Tulipotia vichwa majini mara ya pili mwongozaji alitutaka tusikilize sauti: ukitulia unasikia wakizitafuna, kra, kra, kra, chini yako.

Nilikaa kimya nikiwaza nguva wetu. Pwani ya Kenya wamebaki wachache mno, wengi wa wanaotajwa wakiwa upande wa Lamu na Kiunga, na adui yao mkubwa ni jarife, ule wavu unaotegwa ukamnasa kila kipitacho. Nguva akinaswa hawezi kupanda kuvuta pumzi, anazama. Nimekaa Kenya maisha yangu yote na ilinibidi nivuke bahari ili nimwone binamu yake. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Kwa upande wa gharama, kampuni nilizolinganisha zilitoza kati ya dola 60 na 100 kwa mtu, yaani kama shilingi 8,000 hadi 13,000, na suti ya mpira wakati mwingine hulipiwa kando. Weka pia bakshishi ya mwongozaji. Kule ni desturi, asilimia 15 hadi 20, na wetu aliistahili yote. Picha anazopiga mwongozaji huuzwa mwishoni kwa bei ambayo mimi niliona ni ya juu. Kamera yako ya majini inatosha, bila kuwasha mwanga wake (flash). Nenda siku ya kazi, si wikendi. Asubuhi yenye baridi kali ndiyo yenye manatii wengi, ingawa baridi ikizidi, chemchemi za Three Sisters hufungiwa waogeleaji ili wanyama wapumzike; hapo unaweza kuwatazama kutoka kwenye njia ya mbao iliyo nchi kavu, na maji yalivyo maangavu hutakosa kitu. Beba thamosi yako ya chai. Kakao ni nzuri, lakini mikono ikitetemeka mtu hutaka chai ya maziwa.

Siipendekezi kwa mtu anayetaka shamrashamra. Watoto wadogo wasioweza kutulia watachoka, na watawachokesha wanyama. Kwa wazazi wetu lakini, ndiyo, hata wasiojua kuogelea.

Na kama Florida haiwezekani, usikae nyumbani. Treni ya SGR inakufikisha Mombasa, unavuka Likoni, unashika barabara ya kusini hadi Shimoni, na kutoka hapo boti zinakwenda hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti kwenye matumbawe na pomboo. Manatii hutaona, ila stadi ya kuelea kimya ni ileile, na pomboo nao hawapendi kufukuzwa. Mimi na Mama tunakwenda msimu wa kaskazi, bahari ikiwa shwari. Uliza kwanza kama boti ina maboya ya sponji. Ukiambiwa kuna majaketi tu, nunua boya lako Nairobi kwenye maduka ya vifaa vya michezo ulibebe, kwa sababu jaketi la kuokolea hukuinua kichwa na halikuachi ulale kifudifudi.